Bugando au kwa Babu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tiba za Kienyeji na za Hospitali, Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Maswali haya hayaulizwi kwa sauti. Huulizwa foleni ikishakwisha, au mtu akishasimama kuondoka na mkono uko kwenye kitasa: "Halafu nesi, kuna kitu kimoja..." Nimeyasikia Sengerema, nikayasikia visiwani Ukerewe, na sasa nayasikia mjini. Nimeanza na mepesi. Jibu likiwa limekwisha kutolewa kwenye swali jingine, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

1. Mganga ni nani hasa? Mbona hata daktari wa wilaya anaitwa mganga?

Kiswahili hakikuwatenga. Wizarani yupo Mganga Mkuu wa Serikali, wilayani yupo Mganga Mkuu wa Wilaya, zahanati inaongozwa na mganga mfawidhi, na mzee mwenye vibuyu kule Kwimba naye ni mganga. Ndiyo maana ikabidi tuongeze maneno: wa kienyeji, wa jadi, wa tiba asili. Kwa Kisukuma ni nfumu, wakiwa wengi ni bafumu, na dawa yao ni bugota.

Ndani ya jina hilo moja wamo watu wasiofanana hata kidogo. Yupo anayejua mizizi na majani tu, yupo mkunga wa jadi, yupo anayeunga mifupa, yupo anayepunga majini, na yupo mpiga ramli anayekutajia aliyekuroga. Mtu akiniuliza kama waganga ni wazuri au wabaya, namuuliza: yupi kati ya hao?

2. Dawa za majani na mizizi zinatibu kweli?

Baadhi, ndiyo. Dawa mseto ya malaria tunayotoa dirishani ina artemisinini, iliyotoka kwenye mmea wa pakanga ambao Wachina waliutumia tangu zamani. Kwinini ilitoka kwenye magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Muhimbili wamekuwa na kitengo cha kuchunguza tiba asili tangu 1974, kwa hiyo si kweli kwamba hospitali inadharau miti.

Shida yangu ni kipimo. Kidonge cha leo na cha kesho kina dawa ileile. Gome lililobanduliwa kiangazi na lililobanduliwa masika hayalingani ukali, na "kikombe" cha bibi mmoja ni nusu ya kikombe cha mwenzake. Na mtu akiniambia dawa moja inatibu sukari, presha, saratani na ugumba kwa mpigo, hapo mimi naondoka, hata kama mwarobaini wenyewe jina lake linajigamba hivyohivyo.

3. Serikali inawatambua waganga wa tiba asili?

Inawatambua. Ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza la kuwasajili wao, vituo vyao na dawa zao. Kwenye halmashauri uliza mratibu wa tiba asili, utamkuta chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Mganga anaandikishwa kwa mganga.

Usajili unakuambia mtu huyu anajulikana, ana mahali, akikuumiza unajua pa kumshitaki. Haukuambii kwamba kila anachokupa kinaponya. Ramli ni habari nyingine; tazama swali la 9.

4. Hospitali zipo. Kwa nini watu bado wanaanzia kwa mganga?

Wenzangu wa koti jeupe hupenda kujibu kwa neno moja: ujinga. Sikubaliani nao. Nimemwona mwalimu mwenye digrii akianzia huko, na dereva wa basi, na siku moja muuguzi mwenzangu.

Kwanza, mganga yuko karibu. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, mgonjwa wa Sengerema aliyepewa rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Mwanza, alisubiri kivuko pamoja na malori. Wa visiwani mpaka leo anasubiri ziwa litulie. Pili, mganga anakopesha. Utamlipa ukivuna mpunga, au utamletea mbuzi ukishapona. Dirisha la malipo la hospitali halijui msimu wa mavuno.

Tatu, na hili ndilo zito, mganga anakaa na wewe. Anauliza umetokea ukoo gani, nani amefariki hivi karibuni, mmegombana na nani juu ya mpaka wa shamba. Sisi tuna wagonjwa sitini kabla ya saa nane mchana, kila mmoja anapata dakika chache, na ndani ya dakika hizo tunamfokea: "Mlikuwa wapi siku zote?" Sentensi hiyo nimewahi kuisema mwenyewe, kwa mama mmoja aliyekuja na mtoto ameshafungwa hirizi tatu. Mtoto alipona. Mama hakurudi kliniki tena, na mdogo wa yule mtoto hakuchanjwa.

## Ugonjwa wa Mungu na mkono wa mtu

5. Nitajuaje kama ugonjwa wangu ni wa hospitali au wa kienyeji?

Kwa dalili hutajua. Degedege, kupooza upande mmoja, kuvimba tumbo, kuchanganyikiwa ghafla baada ya kujifungua: yote hayo yanaitwa "ya kienyeji" mitaani, na yote hayo yana matibabu hospitali. Kwa hiyo nashauri mpangilio, siyo uchaguzi: anza na kile kinachoua haraka. Uchawi, kama upo, utakusubiri mpaka kesho. Malaria kali haisubiri.

6. Nimepimwa hospitali hawaoni kitu. Si ina maana nimerogwa?

Kipimo hujibu swali kilichoulizwa tu. Ukiambiwa "huna kitu" baada ya kupimwa malaria na mkojo, maana yake huna malaria na mkojo ni safi. Moyo, ini, selimundu (ule ugonjwa wa damu wa kurithi), kifua kikuu cha uti wa mgongo, havikuulizwa. Kabla hujatoka mlangoni uliza: nimepimwa nini, na bado nini? Una haki hiyo, na anayekasirika akiulizwa hivyo ana kosa lake.

Halafu kuna maumivu ya kweli yasiyoonekana kwenye darubini. Mtu amefiwa, hajalala wiki tatu, moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto. Hapa Mwanza tunasema "presha ya mawazo". Yana madaktari wake, na kwenda kuwaona hakumfanyi mtu kuwa kichaa.

7. Mume wangu ni mvuvi. Tumbo limejaa maji, miguu imekonda, juzi kakohoa damu nyingi. Wanasema katupiwa kitu kwa sababu ya nyavu zake. Ni kweli?

Swali hili ni la ziwa letu, na nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza mwangalie vizuri: damu ilitoka kwa kukohoa au kwa kutapika? Kama alitapika, kinachoshukiwa zaidi ni kichocho cha tumbo. Wengi wakisikia kichocho wanafikiria kukojoa damu, lakini kiko cha aina mbili, na kinachotawala mwambao wa Viktoria ni kile cha tumbo. Mtu mwenye kichocho akijisaidia ziwani au kandokando yake, mayai yanaingia majini. Yanaanguliwa, yanaingia kwenye konokono, yanatoka yakiwa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, na hivyo vinapenya ngozi ya yeyote aliyeko majini: anayevuta kokoro, anayeosha dagaa, anayefua, mtoto anayeoga. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka. Mayai yanayokosa njia ya kutoka hubebwa hadi kwenye ini na kulikakamaza. Damu ikikosa pa kupita kwenye ini, bandama inavimba, maji yanajaa tumboni, na mishipa ya koo la chakula inatuna mpaka siku moja inapasuka. Ndipo mtu anatapika damu beseni zima, mbele ya watu, bila kuumwa kichwa wala homa.

Sasa jiweke kwenye viatu vya familia. Mtu mwenye nguvu, hajaumwa, ana mtumbwi mpya, ghafla anatapika damu. Na mwenzake waliyevua naye mtumbwi mmoja miaka kumi ni mzima. Nani asingefikiria mkono wa mtu? Jibu ni kwamba watu wawili hawabebi minyoo idadi moja, wala ini zao hazikakamai sawasawa.

Damu ikitoka kinywani, ni hospitali kubwa usiku huohuo. Bugando wana mpira wenye kamera wa kuingiza kooni na kuifunga ile mishipa. Kwa wengine wote waliopo mwaloni ambao bado wazima, dawa ni prazikwanteli, vidonge vya kumeza siku moja. Inaua minyoo, ini lililokwisha kukakamaa kabisa hailirudishi lilivyokuwa. Na ukirudi majini unaweza kuambukizwa upya, kwa hiyo kumeza mara moja maishani hakutoshi.

Nimesikia waganga wakiwakataza wagonjwa wa aina hii kukanyaga ziwa "mpaka zindiko liishe". Sababu wanayoitoa siikubali, ila sharti lenyewe silipingi hata kidogo.

8. Tumezika watoto wawili, wa tatu naye mikono na miguu inavimba, macho ya njano. Ukoo unasema tumefungwa.

Mpimeni selimundu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye watoto wengi zaidi wa selimundu nchini. Baba na mama wote wakiwa na chembe yake bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Moja kwa nne siyo zamu: wanaweza kufuatana watatu, na jirani mwenye hali hiyohiyo akapata wazima watupu. Ndiyo maana inafanana sana na laana. Mtoto akitambuliwa mapema anapewa kinga, chanjo na dawa inayoitwa haidroksiyurea, na anakua.

Na tafadhali, msianze kutafuta ni upande wa nani. Lazima wote wawili wachangie.

9. Mganga amenitajia kwa jina aliyeniroga. Nifanyeje?

Usifanye lolote. Usimwambie mtu, usimtazame vibaya huyo aliyetajwa, ondoka na usirudi kwa mganga huyo. Polisi wana neno lake: ramli chonganishi. Na Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu enzi ya mkoloni mwaka 1928, inafanya kosa kumtuhumu mtu uchawi, siyo tu kuufanya.

Kwetu Usukumani jambo hili limeua. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yalikuwa mekundu kwa kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni pasipo dirisha miaka hamsini. Watu wenye ualbino waliuawa kwa sababu wapiga ramli waliwadanganya wavuvi na wachimba dhahabu kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga kwa ajili hiyo, na mwaka 2015 serikali ikatangaza tena kuwapiga marufuku wapiga ramli. Mganga wa majani wa kawaida aliumia katika marufuku hizo pamoja na wahalifu, na wengi wao mpaka leo wana kinyongo nalo. Nawaelewa. Lakini akikutajia jina, hayumo tena kwenye hesabu ya matabibu.

## Watoto

10. Mtoto mwenye degedege akichomwa sindano si anakufa?

Hapana. Imani hii ina historia, na ukiijua utaiacha kwa urahisi zaidi. Wazee walisema degedege ni ndege wa usiku aliyepita juu ya mtoto, kwa hiyo alifukizwa, akaogeshwa majani, akapakwa. Siku ya tatu, ameshalegea, ndipo akakimbizwa hospitali, akachomwa sindano, akafa. Kijiji kikaona kwa macho yake: sindano imeua. Hakuna aliyehesabu zile siku tatu.

Mara nyingi huku kwetu ni malaria iliyopanda kichwani, na dawa yake ya kwanza ni sindano hiyohiyo, ya atesuneti. Mtoto akitupa mikono, mlaze ubavu, mvue nguo nzito, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mtafute bodaboda. Kama bibi lazima apake kitu, apake mkiwa njiani.

11. Meno ya plastiki je? Na kimeo?

Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto anayeharisha ni machipukizi ya meno yake halisi. Yakichokolewa kwa msumari au spoku ya baiskeli, mtoto anabaki na kuhara kulekule, sasa na kidonda, pengine na pepopunda. Anayehara anahitaji ORS na zinki. Kimeo vilevile: kikohozi hakitoki kwenye kimeo, na ukikikata kinavuja damu nyingi mno.

12. Mtoto ana uvimbe kwenye taya, meno yanalegea. Wamempaka dawa wiki mbili.

Wiki mbili zimeshazidi. Inaweza kuwa jino bovu, lakini ukanda huu wa ziwa una saratani ya watoto inayopenda taya, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza nchini Uganda mwaka 1958. Hukua kwa kasi kuliko karibu saratani zote, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Ajabu yake njema ni kwamba inayeyuka kwa dripu za dawa ikiwahiwa. Bugando wana wodi ya saratani. Nenda wiki hii.

## Uzazi

13. Mama mkwe ananipa dawa ya kuongeza uchungu. Ni mbaya?

Inafanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo. Hospitali nayo ina dawa ya kuongeza uchungu, lakini inaingia tone kwa tone, mtu amekaa anahesabu, na ikizidi inafungwa. Mzizi uliokwisha kumezwa haufungwi. Mfuko wa uzazi ukibana bila kupumzika mtoto anakosa hewa. Ukiwa na kovu la upasuaji unaweza kupasuka.

Simwambii binti amkatalie mama mkwe mbele ya watu, najua nyumba zetu. Mwambie: "Mama, nesi amesema ni lazima nimwambie kila ninachokunywa." Lawama ije kwangu. Kama umeshakunywa, sema unapofika tu, kabla hatujakuwekea ya kwetu juu yake.

## Kuchanganya dawa

14. Naweza kunywa za mitishamba pamoja na za hospitali?

Inategemea ni zipi, na ndiyo maana usifiche. Mitishamba kadhaa hushusha sukari kweli. Ukijumlisha na sindano ya insulini unaweza kuzimia usingizini. Mingine huchosha ini na figo, na mgonjwa wa kifua kikuu tayari anameza dawa zinazolibebesha ini kazi kubwa kwa miezi sita. Kabla ya upasuaji, taja kila kitu.

Uji wa lishe, unga wa mlonge kwenye mboga, tangawizi kwenye chai: hayo ni mapishi, endelea.

15. Nikipata dawa nzuri ya asili naweza kuacha ARV, zile dawa za virusi vya Ukimwi?

Usiache. Mwaka 2011 magari yalitoka hapa Mwanza usiku na mchana kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, yule Babu wa Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Alikuwa mzee mpole na hakutajirika kwa bei ile. Lakini wapo walionywa, wakajisikia vizuri, wakaacha ARV, na baada ya miezi wakarudi kwetu wamekwisha.

Kujisikia vizuri, hata kipimo kisimwone kirusi, ni kazi ya kile kidonge cha kila siku. Ukikiacha, kirusi kinarudi. Anayekuambia uache ili ya kwake "ifanye kazi" anakuua, awe na vibuyu au na Biblia mkononi.

16. Vipi chale?

Wembe mpya, wako, unaoufungua mwenyewe. Ukichangiwa na watu unaweza kukupa Ukimwi au homa ya ini B. Waganga wengi siku hizi wenyewe wanakuagiza uje na wembe wako.

17. Hizi za nguvu za kiume zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme?

Ukimeza "mzizi" ukafanya kazi ndani ya saa moja, shuku kwamba kidonge cha kizungu kimesagwa humo. Dawa za namna hiyo zimekamatwa nchi nyingi. Kwa mwenye dawa za moyo kinaweza kushusha presha mpaka akafa. Isitoshe, tatizo hili kwa wanaume wa makamo mara nyingi ni sukari au presha inayobisha hodi. Pima hivyo kwanza.

## Hali zenye utata

18. Nimevunjika. Yupo mzee anayeunga mifupa vizuri kuliko hospitali.

Wapo mafundi, sikatai. Mfupa uliovunjika bila kuchomoza na bila kupinda, mara nyingi unaunga mwenyewe ukitulizwa tu. Lakini piga picha kwanza, na vijiti vikifungwa angalia vidole: vikiwa vya baridi, vyeusi au vina ganzi, fungua palepale. Nimeona mkono ukikatwa kwa sababu ya kamba, wakati mfupa wenyewe ungepona.

19. Nimeng'atwa na mbwa. Na je, jiwe la nyoka?

Kwa mbwa hakuna mjadala: osha kidonda kwa maji mengi na sabuni robo saa nzima, kisha nenda ukachanjwe. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina dawa, ya mganga wala ya daktari. Jiwe la nyoka halinyonyi sumu. Sifa yake inatokana na nyoka wengi wanaouma bila kuingiza sumu. Usipachanje kwa wembe, usifunge kamba, usitikise mguu, nenda.

20. Ndugu wanataka kumtoa mgonjwa wodini wampeleke nyumbani kutibiwa kienyeji.

Mgonjwa aliye mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu, na hospitali itamsainisha. Kwa mtoto ni tofauti. Daktari ana wajibu wa kumtetea hata dhidi ya wazazi. Kabla hamjafika huko, ombeni kikao na daktari wa wodi, mzee wa ukoo awepo. Mara nyingi kinachotakiwa ni mtu wa kueleza mgonjwa anaendeleaje, kwa Kisukuma ikibidi, akiwa amekaa kwenye kiti. Dua, maombi, hata kafara ya mbuzi inayofanyika nyumbani haihitaji mgonjwa atoke kitandani. Cha kunywa kisiingizwe wodini kimyakimya. Sababu iko swali la 14.

21. Mimi mwenyewe ni mganga wa tiba asili. Nikimleta mgonjwa hospitali nitafukuzwa?

Ilikuwa hivyo, na mahali pengine bado iko hivyo. Lakini mkimleta mapema ninyi mnatuokolea kazi kuliko tangazo lolote la redio, kwa sababu mtu wa kwanza kumwona ni wewe. Jitambulishe kwa mganga mfawidhi kabla siku ya dharura haijafika, uende na kitambulisho chako cha usajili kama unacho. Ukimleta mgonjwa, andika kwenye karatasi: amekuja kwako siku gani, umempa nini, kiasi gani, saa ngapi ya mwisho. Kama jina la mti unalijua kwa Kisukuma au Kikerewe tu, andika hivyohivyo, na ufunge kipande cha gome kwenye gazeti aje nacho.